Koo Langu na Barua ya Mzenga

Naandika haya miezi kumi na minne baada ya tiba yangu ya mwisho. Ningeweza kuandika mapema zaidi. Mkono ulikuwa mzima hata pale koo lilipokuwa halipitishi maji. Kilichonizuia ni kuona haya. Namwomba msomaji aliyeketi leo kwenye benchi la hospitali, akisubiri jina lake liitwe, anisamehe kwa kuchelewa.

Mimi ni mzaliwa wa Mzenga, wilayani Kisarawe. Babu yangu alinifundisha nahau ya Kiarabu kabla sijajua kuendesha baiskeli, na kwa miaka thelathini na minne nilifundisha Kiswahili na Kiarabu hadi nilipostaafu na kuhamia nyumba niliyoijenga Picha ya Ndege, Kibaha. Nayataja haya kwa sababu moja. Asiyeyajua hataelewa jinsi karatasi moja ya mtu mmoja ilivyoweza kuaminiwa na kijiji kizima.

Karatasi hiyo niliiandika miaka kadhaa kabla sijaugua. Wahudumu wa afya walikuwa wamefika katika shule ya msingi ya kijijini kwetu kutoa chanjo ya HPV, ile wanayopewa wasichana kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi. Uvumi ukawatangulia kwamba sindano ile hufunga uzazi. Wazazi watatu walinijia Picha ya Ndege, wakiongozwa na mwanangu Hamisi, anayelima shamba letu la mihogo na mikorosho.

"Baba," aliniambia Hamisi, "mwalimu mkuu anasema anayekataa alete maandishi. Sisi tukiandika tutachekwa. Tuandikie wewe."

Ningeweza kumuuliza daktari. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Baba Neema, ni mtumishi wa serikali mwenye dada muuguzi. Swali langu lisingevuka hata barabara. Sikuuliza. Mimi niliyezoea kupekua kamusi tatu kabla ya kuliridhia neno moja, niliandika juu ya jambo nisilolijua kwa alasiri moja tu, na nikapendezwa na nilichokiandika. Barua ilikuwa na aya tatu. Katika aya ya pili niliweka sentensi ambayo wageni wangu waliirudia kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoonja mchuzi: "Binti aliyefundwa nyumbani hahitaji sindano ya kumkinga na jambo asilolitenda." Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, akawa mwali, na kungwi wake humfunda mambo ya utu uzima, kwa hiyo hakuna mzazi ambaye sentensi ile isingemgusa. Kisha, ili barua imfae kila mzazi, niliacha nafasi tupu ya jina la mtoto.

Waliipiga nakala. Sikuwaza tena juu yake.

Uvimbe niliugundua nikinyoa ndevu, mwanzoni mwa masika. Ulikuwa upande wa kushoto wa shingo, chini ya taya, mgumu, mkubwa kama kokwa la ubuyu, na haukuuma hata kidogo. Kutouma kwake ndiko kulikonidanganya. Baadaye sikio la upande uleule lilianza kuuma, na tonge la ugali likawa linakwama mahali palepale kila siku, kama mtu anayekwaa kizingiti kimoja. Mvua zilipokatika, mke wangu Tatu alinitazama nikimeza chai kwa kuinamisha kichwa pembeni, akasema, "Baba Hamisi, kuku ndiye anayekunywa hivyo. Kesho tunakwenda hospitali."

Hospitali ya mkoa pale Kibaha haikunichelewesha. Nilipewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya saratani jijini. Huko walinikata kinyama nyuma ya ulimi, wakatuambia turudi baada ya wiki mbili. Siku ya majibu niliingia peke yangu. Tatu nilimwacha kwenye benchi akiwa na kikapu chetu cha uji.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Aliniamkia kwanza, kisha akaanza kuuliza.

"Mwalimu, umewahi kuvuta sigara?"

"Hapana."

"Ugoro? Tumbaku ya kutafuna? Pombe?"

"Kamwe."

Aliweka kalamu chini. "Ni saratani, Mwalimu. Imeanzia kwenye shina la ulimi, ikashuka kwenye tezi la shingo. Inatibika, na tutaitibu. Vipimo vinaonesha imetokana na kirusi cha HPV."

Herufi zile tatu nilizijua. Nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, katika aya ya kwanza.

"Hicho ni cha wanawake," nilisema.

"Hakichagui. Kinapita kwa kujamiiana, na kinafika kinywani pia. Watu wengi sana hukipata na miili yao hukiondoa wasijue. Kwa wachache kinabaki, na kinaweza kukaa miaka mingi kabla ya kuleta ugonjwa."

"Kwa hiyo siwezi kujua kilitoka kwa nani?"

"Huwezi. Na mimi siwezi. Usifanye uchunguzi huo, utakutesa bure." Akatazama mlango. "Mama yupo? Nimwite nimweleze? Naye inafaa akapimwe mlango wa kizazi."

"Nitamweleza mwenyewe," nilisema.

Hatua kutoka kiti kile hadi kwenye benchi zilikuwa kumi na moja. Tatu alisimama. Nikamwambia, "Ni saratani ya koo. Inatokana na vumbi la chaki."

Sentensi ile haikunigharimu lolote. Ilitoka kwa ufasaha, na kwa kuwa ilikuwa fasaha, ilisafiri. Wiki haikwisha kabla Picha ya Ndege nzima haijajua kwamba chaki imeniua koo. Wanafunzi wangu wa zamani, wengine wenye mvi, walikuja na asali na machungwa. "Pole, Mwalimu, umekula chaki yetu," aliniambia mmoja huku machozi yakimlengalenga. Msikitini waliniombea dua kwa jina la mwalimu aliyejitoa mhanga kwa ajili ya elimu, na mimi, niliyeketi safu ya mbele, nikaitikia amina.

Tiba ilianza kipupwe kikiwa kimeshika. Kwanza waliniondoa meno manne, kwa kuwa mionzi haipendi meno mabovu. Kisha walinitengenezea kinyago cha plastiki yenye matundu, kilicholainishwa kwa maji moto na kubandikwa usoni mwangu hadi kikashika sura yangu. Kila siku ya kazi, kwa siku thelathini na tano, nililazwa chali na kinyago kile kikabanwa kwenye kitanda ili nisitikisike. Mara moja kwa wiki ilikuwa pia siku ya dripu ya dawa ya saratani. Baba Neema, ambaye ofisi yake ilikuwa mjini, alitupakia kwenye gari lake kila alfajiri, na hakuniuliza chochote isipokuwa kama kiyoyozi kilinisumbua. Wema wa namna hiyo sikuwahi kuufundisha darasani, kwa kuwa sikuwa nimewahi kuuhitaji.

Katika wiki ya tatu ladha ilinitoka. Uji, chumvi na asali vikawa kitu kimoja, mfano wa karatasi iliyolowa. Mate yakawa mazito kama utomvu. Ngozi ya shingo ikaiva na kuwa nyeusi, nikaambiwa nijiepushe na jua, nikawa nafunika shingo kwa khanga ya Tatu.

Khanga ile ndiyo iliyonitambulisha kwa Mzee Kulwa, Mnyamwezi wa Urambo aliyekuwa akiishi kwa mwanawe Mbezi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na utani hauna likizo hata hospitalini.

"Mzaramo!" aliniita kutoka mwisho wa benchi. "Kumbe kwenu hata wanaume huwekwa ndani? Hajambo mwali?"

"Nyamaza, mpagazi wewe," nilimjibu kwa sauti iliyokuwa imeanza kukwaruza. "Umekuja kubeba mizigo ya nani?"

"Nimebeba wangu tu, nao unanishinda." Akasogea karibu, akanikagua. "Lakini mwali wenu huyu mbona anakonda? Mwali hunenepeshwa! Kwetu tungemrudisha kwa kungwi wake, tukadai mahari yetu."

Benchi zima lilicheka, wenye mipira ya kulishia puani nao wakacheka kwa mabega. Tangu siku hiyo nikawa mwali, na kila asubuhi swali lake likawa lilelile: "Mwali, umefundwa nini leo?"

Katikati ya wiki ya tano aliniuliza jambo jingine. Tatu alikuwa ameketi kati yetu, akikoroga uji.

"Mimi yangu imetokana na wanawake," alisema Mzee Kulwa, bila kupunguza sauti. "Daktari kaniambia, kirusi. Nikaenda nikamwambia mke wangu. Kanipiga mwiko wa kichwa, hapa. Akaniwekea chakula. Kesho yake akaenda kupima. Na wewe, Mzaramo?"

"Chaki," nilisema.

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko utani unavyoruhusu. "Chaki," akarudia. "Basi wewe ulikuwa ukiitafuna."

Watu walicheka. Tatu hakucheka. Aliendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umekwisha poa.

Tulipofika nyumbani alileta daftari langu na kalamu, akaviweka mapajani mwangu, maana kila ikifika jioni vidonda vya kinywa vilininyang'anya usemi. "Ni chaki?" aliuliza.

Niliandika: Si chaki.

"Ni ile ya Mnyamwezi?"

Ndiyo.

"Nani?"

Hapa usahihi, niliouheshimu maisha yangu yote, ulinidai haki yake. Niliandika kwamba walikuwapo wawili kabla ya ndoa yetu, na mmoja baada yake, mwaka nilipokuwa masomoni na Hamisi alipokuwa na miezi saba. Niliandika kwamba daktari amesema haiwezekani kujua ni yupi. Niliandika pia kwamba daktari alitaka yeye akapimwe tangu siku ile ya majibu.

Alisoma mpaka mwisho. Nilimwona akirudi kwenye mstari wa mwisho na kuusoma tena. Alifunga daftari, akachukua kikombe changu akakiosha.

Asubuhi, kabla gari halijafika, alisema mlangoni, "Ya ujana wako ningeyasamehe. Hata huyo mwingine, labda. Lakini wiki zote hizi ulijua natakiwa kupimwa. Ulijionea haya wewe, hukunionea huruma mimi."

Hakuacha kunipikia uji wala kunisindikiza. Ila tangu asubuhi hiyo hakuniita tena Baba Hamisi. Aliniita Mwalimu, kama waniitavyo watu wote.

Alipimwa hospitalini Kibaha. Siku alizosubiri majibu yake ndizo siku ndefu kuliko zote za ugonjwa wangu, na sikuwa na haki ya kumwambia kwamba naogopa. Alirudi akaweka karatasi mezani. "Hakuna kitu," alisema. "Wamesema nirudi tena kupimwa baadaye." Nililia. Yeye alikwenda kuanika nguo.

Kinyago kilifunguliwa kwa mara ya mwisho kipupwe kikielekea ukingoni. Niliambiwa niende nacho nyumbani. Nimekificha kabatini, uso wangu mtupu usio na macho. Mzee Kulwa hakumaliza tiba yake. Alikuwa amefika hospitali akiwa amechelewa kuliko mimi, na siku moja nafasi yake kwenye benchi ikakaliwa na mtu mwingine. Mkewe alimpigia Tatu simu, akasema mumewe mpaka mwisho alikuwa akimuulizia mwali wake. Aliyesema kweli alikufa, na aliyesingizia chaki akapona. Sijapata namna ya kuliweka jambo hilo ili lisiniume.

Vuli iliponyesha ladha ilianza kurudi, kwa vipande. Ya kwanza ilikuwa kisamvu cha nazi, Jumapili moja. Nilipata uchungu kidogo wa jani, nikabaki nimekiweka kinywani nisitake kumeza. Tatu alikuwa amekileta kutoka Mzenga, alikokwenda kumwona mjukuu wetu Nasra, binti wa Hamisi, mwenye miaka kumi na mmoja. Nilipomaliza kula alifungua mkoba wake, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa barua yangu. Nakala ya nakala, herufi zimefifia pembezoni, lakini aya zilikuwa tatu na sentensi ilikuwa mahali pake. Katika nafasi tupu niliyoiacha, kwa mwandiko wa mwanangu na wino mpya, paliandikwa: Nasra Hamisi.

"Chanjo inakuja tena mwezi ujao," alisema Tatu. "Nimemwambia Hamisi aridhie. Kanijibu, 'Mama, hayo ni maneno ya Baba mwenyewe, nitayapingaje?' Na si yeye peke yake. Mwalimu mkuu ana faili zima."

Niliikunjua karatasi yote juu ya meza.

"Soma hapa," alisema, akaweka kidole juu ya sentensi yangu. "Mimi nilifundwa, Mwalimu. Nilikaa ndani mvua nzima, kungwi wangu hakuacha neno. Sikulitenda hilo jambo unalolisema. Je, kirusi kingenifikia kwa njia gani?"

Alijua jibu, nami nililijua. Nimesahihisha insha za maelfu ya watoto, na sijapata kuona hoja ikibomolewa kwa usafi kama ule. Nilichukua daftari nikaanza kuandika barua ya pili. Ilinichukua siku sita. Kila nilipoandika "ugonjwa uliompata mwandishi" nilikata, nikaandika "ugonjwa ulionipata mimi".

Mkutano wa wazazi ulifanyika katika darasa la saba. Nilikuta madawati yamejaa: wazee niliosoma nao, mama wa wenzake Nasra, na Hamisi amesimama karibu na dirisha. Mwalimu mkuu aliweka faili mezani. Nilimwomba azitoe barua zote, azipange mbele yangu, nami nikaiweka ya Nasra pamoja nazo. Sikuzihesabu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuwa na karatasi mbele yangu nisitake kujua idadi yake.

Nilianza kusoma. Mtu aliyepigwa mionzi kooni hubaki na kinywa kikavu. Sentensi moja, funda moja la maji. Katika aya ya kwanza sauti ilikatika kabisa. Nilikunywa, nikajaribu, ikatoka hewa tupu. Mtu nyuma alikohoa kwa aibu kwa niaba yangu.

Tatu aliinuka. Sikuwa nimemwomba, nisingethubutu. Alichukua karatasi mkononi mwangu, akaanza upya kutoka mwanzo, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Alisoma kwamba ugonjwa wangu haukutokana na chaki. Alisoma kwamba kirusi kile ndicho chanjo ya wasichana inachokizuia, kwamba kinaweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi na pia ya koo, na kwamba chanjo haimtibu aliyekwisha ugua, ndiyo maana hutolewa mapema. Akafika kwenye mstari usemao kwamba nilikutana na wanawake wengine kabla ya ndoa na, kwa aibu yangu, baada yake. Alisimama. Nikadhani ataruka. Aliusoma wote, hata mkato hakuuacha.

Kisha akaongeza ambacho sikukiandika: "Na mimi nimepimwa. Kupima hakuui. Nyie kina mama, nendeni."

Aliyesema kwanza ni Bi Mwajuma, mzee kuliko sote. "Mwalimu, ile barua ya kwanza tuliisifu sana. Leo unataka tuisifu na hii?"

Nilitikisa kichwa. Nikanong'ona, "Hii msiisifu, bibi. Muifuate tu."

"Kumbe chaki ilikuwa na majina!" alisema kijana mmoja, na darasa likaangua kicheko. Nilikaa nikakipokea kicheko chao. Kilikuwa changu kwa haki.

Wazazi kadhaa walikuja mezani wakachukua barua zao. Wengine waliondoka bila kugusa kitu, na wapo wasioniamkia mpaka leo. Hamisi alikuwa ametoka wakati mama yake akisoma ule mstari. Nilimkuta nje, mgongo kwangu.

"Nilikuwa na miezi saba?" aliuliza. Mama yake alikuwa amemwambia.

"Saba."

Aliingia ndani, akatafuta barua yenye jina la mwanawe, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwamba ameridhia, akamkabidhi mwalimu mkuu. Mimi hakunitazama.

Wewe unayesoma, ukipata uvimbe shingoni usioisha kwa wiki mbili tatu, hata kama hauumi, au tonge likikwama palepale kila siku, nenda. Usiseme huvuti sigara. Mimi pia sikuvuta. Daktari akikuambia jina la kirusi, mwambie mwenzio siku hiyohiyo, kabla hujafika kwenye benchi, maana uwongo ukishaketi hapo utakaa nawe kila siku ya tiba. Na karatasi ya binti yako ikija kutoka shuleni, usitafute mtu wa kukuandikia vizuri. Mtafute anayejua.

Siku ya chanjo ilipopita, Nasra aliletwa kwetu likizo. Alinionesha bega, ingawa hapakuwa na alama yoyote.

"Babu, na wewe walikuchoma siku ngapi?"

"Thelathini na tano."

Alifikiri. "Ulilia?"

"Nililia."

"Mimi sikulia," alisema.

Kutoka jikoni Tatu aliita. "Mwalimu! Uji unapoa."

Niliitikia, nikaenda.